Rangi Nyekundu Juu ya Jina la Kiroboto

6 Machi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za baba yako, ambaye amekaa hapa mlangoni ananiambia niandike kwamba goti lake limepona, usimwamini, juzi tu alishuka ngazi za zahanati kinyumenyume kama mtu anayeshuka mnazi. Mdogo wako hajambo, bado yuko gereji, anarudi na mafuta mpaka masikioni na kuoga anaoga kama paka. Mimi pia sijambo, ila roho haitulii, na unaijua roho yangu, ikikosa la kuhangaikia inatafuta. Unakula lakini? Unasema unakula, ila kwenye ile picha uliyotutumia shingo imekuwa ndefu.

Utajiuliza kwa nini karatasi na simu ipo. Simu unaikata, unasema mama niko kazini nitakupigia, halafu hupigi. Barua huwezi kuikata katikati. Na wewe nijibu hivyohivyo kwa barua, tumia sanduku la duka la dawa, mwenye duka ni mteja wangu wa siku nyingi.

Habari ya hapa ni kwamba vibanda vyetu vinavunjwa. Walipita watu wa barabara wakapaka alama nyeupe kwenye kila mlango, changu, cha fundi viatu, cha Mama Mkaa, mstari wote, wanasema barabara inapanuliwa. Mimi na cherehani yangu hatukosi pa kukaa, nikipata kivuli na kiti nimefungua kazi. Anayenitia mawazo ni Mama Mkaa. Alihamia hapa ukiwa umeshaondoka, ni jirani yangu wa ukuta mmoja, akikohoa kwake mimi nasema pole kwangu. Kwao alikozaliwa amebaki yeye na mdogo wake wa kiume tu, wanamwita Kiroboto kwa sababu tangu utotoni hakai mahali pamoja. Huyo Kiroboto aligombana na shemeji yake, mume wa Mama Mkaa, akaondoka akiapa kwamba hapo hakanyagi tena mpaka yule mtu atoke. Sasa yule mtu ametoka, tumemzika, na Kiroboto hajui. Namba yake ya zamani haipatikani. Anachokijua yeye ni kile kibanda tu, na kikishavunjwa, siku akirudi atakuta lami.

Basi tukaona tutangaze. Kuna kundi la mtandaoni la watu waliowahi kuishi mtaa huu, ni maelfu, wametapakaa kila mahali. Hapa mtu akitaka kuandika jambo kwenye simu ananiletea mimi, wameshanipa cheo, wananiita karani, namwandikia huku gauni la mtu liko chini ya sindano. Ujumbe wa kumtafuta Kiroboto ukawekwa, tukakaa kusubiri. Kilichokuja si Kiroboto, ni kicheko. Wameandika, huyu amesoma shule gani, nyingine, jamani nukta ziliisha dukani? Msimamizi wa kundi akaufuta, akasema umeleta fujo. Lakini kabla haujafutwa kuna mtu alishaupiga picha akaupeleka kwenye ukurasa mwingine unaitwa Kalamu Nyekundu, kazi yao ni kuwacheka wasiojua kuandika. Mdogo wako ndiye aliyenionyesha. Mama Mkaa bado hajaiona, kila asubuhi ananiuliza, kimya? Nami nasema kimya.

Wewe ndiye mtu wa maneno katika ukoo huu, kazi yako ni kusoma vitabu vya watu na kutoa makosa kabla havijachapwa, lazima mnajuana. Hao watu unawajua? Kama unawajua waambie waitoe ile picha.

Vaa sweta kwenye hicho chumba chenu cha mashine za baridi.

Mama yako anayekuwaza.


21 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo wewe na baba. Barua yako ilinifikia kazini, na mpokezi akaileta akiwa ameishika kwa vidole viwili, kwa sababu hapa hajawahi kuona barua ya mkono. Mimi ni mzima. Ninakula, mama. Shingo ni yangu ya siku zote. Tumemaliza kitabu cha hesabu cha darasa la sita na sasa tumeanza cha sayansi, na kila siku mkuu wa idara ananirudishia kurasa kwa sababu nimeacha koma mahali isipotakiwa. Wenzangu wawili wa meza moja nao wanapata hayohayo, kwa hiyo tunachekana.

Sasa kuhusu hilo uliloniuliza. Ninawajua. Kalamu Nyekundu ni ukurasa wetu, wangu na hao wenzangu wawili. Tuliuanzisha kama mchezo wa saa za chakula na sasa una wafuasi wengi kuliko magazeti fulani. Najua ukiusoma kwa haraka unaonekana kama dhihaka, lakini nia yetu ni lugha. Kila mtu sasa ana simu, kila mtu anaandika, na hakuna anayejali anaandikaje. Watu wanatushukuru, mama. Kuna mwalimu aliniandikia kwamba anautumia darasani.

Na mimi si mtu wa kumvunjia mtu heshima. Tuna sharti moja ambalo nililiweka mwenyewe: hatutoi picha yoyote kabla ya kuyafunika majina yote na namba zote za simu kwa rangi nyekundu. Mwandishi hajulikani, na aliyetajwa hajulikani. Kwa hiyo mwambie jirani yako asiwe na wasiwasi, hakuna mtu duniani anayeweza kujua kwamba ule ni ujumbe wake.

Pole kwa habari ya vibanda. Safari nyingine akitaka kutangaza jambo zito kama hilo, ni vizuri amtafute mtu anayejua kuandika amwandikie.

Msalimie mdogo wangu. Mwambie sabuni haiumi.

Mwanao.


17 Aprili

Mwanangu,

Sisi wazima. Barua yako ilikaa dukani kwa sababu mwenye duka la dawa alikwenda kumuuguza mkwe wake akaondoka na ufunguo wa sanduku. Baba yako amepata kiti kile cha kukunja, anakibeba kila aendako, mpaka chooni nadhani. Mdogo wako amekata nywele. Yule mwanamke wa shanga aliyekuwa anakubeba ulipokuwa mchanga amepata mjukuu, mtoto mnene, nimemshonea kofia, haikumwenea, nimeifumua. Mvua imenyesha siku mbili, bati la kibanda linavuja lakini nani atapanda kuziba bati la kibanda kinachovunjwa. Nimemaliza sare za watoto wa shule ile ya ghorofa, walimu wao wamesema nimefanya kazi safi.

Nimeisoma barua yako. Nimeisoma tena. Nimeiweka kwenye droo ya cherehani.

Mama Mkaa ameiona ile picha. Fundi viatu alimwonyesha, hakuwa na nia mbaya, alidhani anampelekea habari njema, alisema, mama, tangazo lako limefika mbali, tazama. Mama Mkaa hasomi, ila macho anayo. Akaitazama, akaja kwangu nayo, akaniuliza, hili jekundu hapa ni nini? Nikamwambia hapo palikuwa na jina la Kiroboto. Akauliza, na hili la chini? Nikamwambia hapo palikuwa na namba ya simu, ile yangu tuliyoiweka ili akiona apige. Akasema, sasa wamebakiza nini?

Nimekaa na swali lake siku nyingi nikaona nikuletee na wewe ukae nalo. Wameuona watu wote hao. Kama Kiroboto naye ameuona, ameona nini?

Huenda huukumbuki, mnaona nyingi. Ulikuwa hivi, nauandika kama ulivyokuwa:

KIROBOTO mdogo wangu ni mimi dada yako wa mkaa yule uliyegombana naye amefariki mwaka jana hasira zako alikwenda nazo rudi au piga simu hii kibanda kinavunjwa ukichelewa hutanikuta na mimi sitajua pa kukuonyesha usiogope hakuna atakayekuuliza kitu nakaa palepale karibu na fundi cherehani

Hakuna nukta, ni kweli. Mama Mkaa alipokuwa anasema hakupumzika.

Watu wa barabara wamerudi, wamesema mwisho wa mwezi wa tano tuwe tumetoa vyetu. Hao wenzako, wanaweza kulitoa lile jekundu?

Mimi mama yako.


29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimepata barua yako leo na ninajibu leo.

Sikuufikiria hivyo. Naandika hivi na kufuta, naandika tena. Mimi ndiye niliyeipaka ile rangi, mama, si wenzangu. Ninakumbuka kabisa. Nilikuwa ninakula huku nikipaka, hata namba niliyoifunika sikuisoma, na nilijisikia mtu mwema kwa sababu ninamfichia mtu aibu yake.

Nimeuondoa ule uliokuwepo. Sasa nataka niweke tangazo jipya, lenye jina na namba, lionekane kwa wafuasi wetu wote. Nimeliandika upya ili safari hii mtu asipate la kucheka. Msomee jirani yako, akikubali niambie mara moja:

"TANGAZO. Anatafutwa mtu anayefahamika kwa jina la utani la Kiroboto, ambaye aliondoka nyumbani kwa dada yake miaka kadhaa iliyopita kufuatia kutoelewana kwa kifamilia. Yeyote mwenye taarifa za mahali alipo anaombwa kuwasiliana kupitia namba iliyotajwa hapa chini. Tunatanguliza shukrani."

Nyumbani kwema? Goti la baba je? Mimi nimekuwa na mafua ila yanaondoka.

Mama, nina swali moja, unijibu tafadhali. Ule ujumbe wa kwanza, Mama Mkaa alisema. Aliandika nani?

Mwanao.


10 Mei

Mwanangu,

Mafua usiyafanyie mzaha, chemsha maji uvute mvuke ukiwa umejifunika shuka, na usitoke nje baada ya hapo. Baba yako anasema umeze vidonge, yeye anayekataa vyake. Goti lake liko vilevile. Mdogo wako amepandishwa, sasa anafungua injini peke yake, ila nguo ndizo zilezile.

Nilimsomea Mama Mkaa tangazo lako. Nilimsomea mbele ya fundi viatu, taratibu, kwa sauti ya habari. Nilipofika "anatafutwa" Mama Mkaa akasema, ngoja, huyu anayemtafuta mdogo wangu ni polisi? Fundi viatu akasema, mimi mwenyewe sijafanya kitu na nimeogopa. Tukacheka, mwanangu, mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Halafu Mama Mkaa akasema Kiroboto akisoma hivyo atavuka mpaka. Akasema, mwambie huyo mtoto ni maandishi mazuri sana, lakini mdogo wangu haijui sauti hiyo. Waweke ile yangu.

Kwa hiyo weka ile yake. Ilivyo. Jina juu, namba chini.

Kwa sababu amesema "huyo mtoto", utaelewa kwamba nimemwambia. Sikuwa na budi, tunakaa ukuta mmoja. Nilimwambia ule ukurasa ni wa binti yangu na rangi ni ya mkono wake. Siku nzima nilisikia anapanga mkaa, anapangua, anapanga. Nilishindwa kula. Kesho yake akaja na kiti chake akakaa mlangoni kwangu akasema, kumbe una mtoto mwenye watu wengi. Basi awatumie.

Ndivyo alivyosema.

Umeniuliza aliandika nani. Aliyesema ni Mama Mkaa. Siku hizi watu hawaniletei simu zao sana, nadhani ni pilikapilika za kuhama. Nimepata nafasi ya kumaliza mapazia ya mwenye duka la dawa.

Vaa soksi.

Mama.


24 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, nilivuta mvuke. Nilivaa na soksi.

Nimeuweka. Ulivyo, kama Mama Mkaa alivyotaka, hakuna herufi niliyoigusa, jina juu na namba chini. Wenzangu hawakupenda. Mmoja alisema watu watadhani tumeweka ili wacheke tena, na nikamwambia ni kweli watadhani, basi tuwaambie. Ilibidi niandike juu yake maneno machache, na niliandika haya: "Ujumbe huu tuliucheka hapa mwezi wa pili. Tuliufunika jina na namba, na ulikuwa ni ujumbe wa kumtafuta mtu. Msimtafute aliyekosea. Mtafuteni Kiroboto. Umeandikwa na mama yangu."

Hukunijibu, mama, kwa hiyo nilijijibu mwenyewe. Nilichukua barua zako zote nikazipanga mezani. Sikuhitaji kuzisoma zote, ile ya karani ilitosha.

Nisamehe kwa ile sentensi ya barua yangu ya kwanza, ile ya mtu anayejua kuandika. Sina la kuiongezea.

Umesambazwa sana. Kuna waliocheka, sitakuficha. Kuna waliokusema na wewe. Nilianza kuwafuta, halafu nikaona nitakesha, nikaacha. Kuna mtu aliandika kwamba kwenye karakana wanakotengeneza majokofu yuko mmoja anaitwa hivyo, mwingine akasema huyo ni mzee. Bado sijapata la uhakika. Mwisho wa mwezi ni wiki ijayo. Nina hofu kwamba nimechelewa.

Wenzangu wananiuliza kama ukurasa unaendelea. Sijawajibu bado.

Mwanao.


12 Juni

Mwanangu mpendwa,

Hapa sote wazima, baba yako amenunua mkongojo na anauita fimbo ya kufukuzia mbwa, sisi tumemwachia jina hilo. Mdogo wako ameoga Jumamosi kwa hiari yake, nasikia kuna binti anauza vocha mkabala na gereji, tunachunguza.

Vibanda vimevunjwa. Walikuja asubuhi na lile tingatinga, fundi viatu akataka kuwaonyesha waanze wapi, wakamfukuza. Kibanda changu kilianguka upesi, cha Mama Mkaa kilitoa vumbi jeusi mpaka dereva akafunga dirisha. Mimi nimepewa baraza la duka la dawa, kwa ajili ya yale mapazia. Mama Mkaa alikuwa ameshafunga mizigo aende kwa binti yake, tiketi ya kesho yake, nikamwomba aahirishe kidogo. Akauliza, nisubiri nini? Nikasema anisaidie kushona vifungo vya makoti ya hoteli, ni mengi. Alijua kwamba ni uongo, makoti hayo yana zipu. Akakaa.

Nimeyasoma uliyoandika juu ya ule ujumbe. Mdogo wako alinishikia simu nikasoma yote, na ya watu chini yake pia, usingejisumbua kuyafuta. Mmoja amesema mwandiko wangu ni kama kuku amekanyaga wino, nikajiuliza huyo mwandiko ameuonea wapi, kwenye simu herufi zote sawa. Wacha wacheke, namba inaonekana. Na ile sentensi yako nilishaisahau, nilikuwa na kazi nyingi.

Sasa nikupe habari. Jumanne mchana napiga pasi, simu inaita, namba siijui. Mwanamume. Anasema, samahani mama, wewe ndiye fundi cherehani? Nikasema ndiye. Akasema, mimi naitwa Kiroboto.

Mwanangu, niliiacha pasi juu ya shati la mtu.

Akaanza kunieleza harakaharaka, kama anayeogopa nitamkatia. Kwamba anafanya kazi kwenye karakana ya majokofu. Kwamba siku nyingi zilizopita kijana wa pale aliwasomea ujumbe kwenye simu wakati wa chai, umejaa rangi nyekundu, wakacheka wote, na yeye alicheka, alicheka akamwaga chai. Akasema, mama, nilimcheka dada yangu. Juzi wakamletea tena, bila rangi, wakamuuliza huyu si wewe? Akasema tangu juzi anaishika simu na kuiweka. Akaniuliza, dada anajua kwamba nilicheka? Nikamwambia, mimi sijasikia kitu, nina pasi mkononi, subiri nikuitie dada yako.

Mama Mkaa alikuwa nyuma ya duka anafua. Nikamwambia ni Kiroboto. Hakukimbia. Alisuuza mikono, akaikausha kwenye kanga, upande mmoja na upande wa pili, ndiyo akapokea simu. Akaiweka sikioni, akageukia ukuta. Halafu akamuuliza, umekula?

Nikaondoka pale, nikaenda kusimama kwa fundi viatu. Shati limeungua, nitamlipa mwenyewe kwa kumshonea jingine. Kiroboto anakuja Jumapili, dada yake amemwelekeza kwa duka la dawa. Kuhusu ukurasa wenu, wewe ndiye unayeujua, mimi siwezi kukwambia uufunge wala uuache.

Ukitaka kupiga simu piga, si lazima barua. Na kama ulipiga Jumanne hukunipata, usiwe na wasiwasi, nilikuwa mzima. Simu alikuwa nayo Mama Mkaa, aliirudisha jioni ikiwa imezimika.

Mama yako.